Ngama Inayojaa Usiku: Uchambuzi wa Kisa cha Boti ya Uvuvi Yenye Tangi la Chambo Hai

Kisa hiki kinahusu boti ya faiba inayochukua watalii kwenda kuvua kwa mshipi, pwani ya kaskazini ya Kenya. Jina la boti, la mwenyewe na la mlango wa bahari inakofungwa yameondolewa, pamoja na tarehe. Vipimo na mfuatano wa mambo vimeachwa kama vilivyokuwa.

Boti na mabomba yake

Boti ina urefu wa mita 7 na injini moja ya nje ya nguvu farasi 150. Ililetwa kutoka Marekani ikiwa imetumika, na hilo la Marekani litakuja kuwa na maana mbele. Hubeba nahodha, baharia mmoja na wageni hadi wanne.

Tangi la chambo liko tezi (nyuma ya boti), upande wa kulia, limezamishwa ndani ya sitaha. Likijaa hadi kwenye tundu la kufurikia hubeba karibu lita 95 za maji ya chumvi, uzito unaokaribia kilo 97. Humo huwekwa vibua na sehewa wadogo wanaonaswa alfajiri, kabla ya boti kutoka nje kutafuta kolekole, nguru na sulisuli.

Maji huingia tangini kupitia kinywa cha bronzi cha robo tatu inchi kilichopenya chini ya boti. Nje, kinywa hicho kimefunikwa na kofia yenye mianya inayotazama omo (mbele ya boti). Juu yake kuna koki, kisha pampu ya galoni 500 kwa saa (karibu lita 1,900), kisha mpira unaopanda hadi kwenye kinyunyizio. Kutoka, maji hupita tundu la kufurikia lililo sentimita 35 juu ya sakafu ya tangi, huingia mpira wa mikunjo wa milimita 28 unaopita nyuma ya tangi, na kumwagika nje kwenye ukuta wa tezi. Tundu hilo la kutokea lilikuwa sentimita 6 tu juu ya usawa wa bahari boti ikiwa tupu.

Sakafu ya tangi iko sentimita 8 chini ya usawa wa bahari. Kwa hiyo koki ikiwa wazi na boti imetulia, maji yatapanda tangini hadi sentimita 8, kama lita 20, hata pampu isipowashwa. Pampu za aina hii husukuma maji kwa feni, na feni ikisimama haizibi njia. Mabaharia wengi huona hali hiyo wakadhani pampu imeharibika, wakanunua nyingine.

Ngamani, yaani chini kabisa ndani ya boti ambako maji hukusanyika, kulikuwa na pampu ya galoni 1,100 kwa saa (karibu lita 4,160), inayowashwa na swichi ya boya dogo linaloinuliwa na maji yakipanda. Mpira wake wa kutolea maji ulikuwa wa mikunjo, wa robo tatu inchi, wenye urefu wa mita 3, na ulipanda sentimita 90 kabla ya kutoka ubavuni.

Dalili

Mwanzoni mwa kaskazi pampu ya tangi ilikufa. Fundi alifunga mpya, na kwa kuwa koki ya zamani ilikuwa ngumu kugeuka, aliibadilisha pia kwa koki ya brasi iliyonunuliwa duka la hadwea mjini. Tangu siku hiyo mambo matatu yalionekana.

Kwanza, ngama ilikutwa na maji asubuhi. Si kila asubuhi, na kiasi hakikuwa kimoja: siku nyingine ndoo nusu, siku nyingine maji yanakaribia betri. Pili, boti ikikimbia na pampu ya tangi ikiwa imezimwa, tangi lilijaa lenyewe hadi kufurika. Tatu, pampu ya ngama ilisikika ikiwaka na kuzimika usiku kucha, sekunde chache kila mara.

Maji yalikuwa ya chumvi. Nahodha aliyaonja siku ya kwanza, jambo jema sana, kwani liliondoa mvua na maji ya barafu ya kuhifadhia samaki katika orodha ya washukiwa.

Hatua za mwanzo

Wazo la kwanza la mwenye boti lilikuwa kwamba pampu ya ngama imezeeka. Ikawekwa ya galoni 2,000 kwa saa. Pampu hiyo ina mdomo mpana wa inchi 1 na moja ya nane, lakini mpira wa zamani wa robo tatu inchi haukubadilishwa. Kikawekwa kipunguzio cha plastiki, kazi ikaisha. Pampu ndogo ilikuwa ikila ampea 3 hadi 4. Kubwa ilikula karibu 8. Kwa mpira uleule mwembamba wa mikunjo, maji yaliyotoka hayakuongezeka kwa kiasi cha kuonekana. Kilichoongezeka ni umeme uliotumika.

Kisha ikashukiwa koki mpya. Mchana mmoja baharia aliifunga, akakausha ngama kwa sponji, akarudi baada ya muda. Maji yalikuwepo. Wakahitimisha kwamba koki haina hatia na kwamba maji hayatoki kwenye mfumo wa tangi kabisa. Jaribio lilikuwa zuri, hitimisho likawa baya, na kosa hilo liligharimu karibu majuma mawili. Katika majuma hayo walikagua kizibo cha ngama na mpira wake, skrubu za kishikilio cha kipima kina, na mkunjo wa mpira unaopitisha nyaya za injini. Vyote vilikuwa vizima. Fundi akapaka silikoni ya dirishani kuzunguka kinywa cha bronzi, kwa ndani, palipokuwa na unyevu. Silikoni ilishika siku mbili, kisha ikabanduka kipande kizima kama ganda la yai.

Usiku betri ilipokwisha

Jioni ya tukio boti ilirudi imechelewa. Ikajazwa mafuta kwa ajili ya safari ya asubuhi, na sanduku la barafu likaachwa limejaa, limewekwa tezi badala ya katikati. Ikafungwa kwenye boya lake, watu wakaenda.

Mlinzi wa ufukweni aliiona karibu saa kumi alfajiri ikiwa imeinama tezi, maji yamefika juu ya mbao za sakafu. Betri ilikuwa imekwisha, pampu kimya. Nahodha na baharia walifika kwa mtumbwi, wakaanza kufua maji kwa ndoo. Uamuzi mmoja wa dakika hizo ndio uliookoa boti: kabla ya kuendelea kufua, nahodha aliamuru sanduku la barafu lisukumwe omo. Tezi ikainuka kidogo, na baada ya hapo ndoo zikaanza kuyashinda maji. Hakujua bado kwa nini, lakini aliona tofauti na akaisema baadaye. Neno hilo ndilo lililofungua kisa.

Injini ilikuwa juu ya maji muda wote. Betri na swichi ya boya viliharibika. Hakuna aliyeumia.

Uamuzi wa kusimamisha kazi na kupima

Msimu ulikuwa umeshika na wageni walikuwa wameshalipa. Hata hivyo boti ilisimamishwa, kwa hoja moja: hitilafu inayokuja na kuondoka haiwezi kupimwa wageni wakiwa ndani, kwa sababu kila safari hubadilisha uzito, na uzito huo ulikuwa tayari umeonyesha kwamba una neno.

Vifaa vilikuwa vya kawaida: sponji, ndoo, jagi la lita moja, kopo la poda ya watoto, chupa ya rangi nyekundu ya chakula, tochi, na vizibo viwili vya mti laini vilivyochongwa kwa umbo la koni. Kanuni ilikuwa kubadilisha kitu kimoja tu kwa kila jaribio, na kupima kwa jagi badala ya kukisia kwa macho.

Boti iliachwa ikae mchangani maji ya bamvua yalipokupwa. Pwani hii maji ya bamvua hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3, kwa hiyo mtu hupata saa kadhaa za kufanyia kazi pakavu bila kulipia gudi. Tangi lilijazwa kwa mpira wa bustani huku maji yakitiwa rangi nyekundu, koki ikiwa imefungwa. Hadi sentimita 34, ngama ilibaki kavu kabisa. Sentimita moja zaidi, maji yalipoanza kupita kwenye tundu la kufurikia, tone jekundu lilionekana chini ya tangi, kisha uzi mzima wa maji. Tochi na kioo kidogo vilionyesha mpira wa mikunjo ukiwa na ufa upande wa chini wa kona, mahali unapogusa ukuta, pasipoonekana kutoka kwenye mfuniko. Mpira wenyewe ulikuwa mgumu. Ukiubinya kwa kidole ulilia kama karatasi.

Fundi alipobadilisha pampu alilazimika kuusukuma mpira huo pembeni ili mkono upite. Mpira wa mikunjo wa bei nafuu hukauka kwa joto la miaka, na kuukunja mara moja ukiwa katika hali hiyo kunatosha.

Bahari ilipojaa na boti kuelea, majaribio manne yalifuata. Kila mara ngama ilikaushwa kwanza, na poda ikanyunyizwa chini ya kila kiungo ili maji yachore njia yake.

Jaribio la kwanza: koki imefungwa, boti tupu. Baada ya saa moja zilipatikana lita 6. Poda ilikuwa imechorwa mstari mmoja kutoka kwenye thredi (mizunguko ya skrubu) kati ya kinywa cha bronzi na koki. Uvujaji ulikuwa chini ya koki, upande wa bahari.

La pili: kizibo cha mti kikapigwa kwenye kinywa kutoka nje, boti bado tupu. Saa moja, hakuna tone.

La tatu: kizibo kikabaki, watu wawili wakasimama tezi pamoja na sanduku la barafu lililojaa. Tundu la kutokea likazama kiasi cha sentimita 5. Ndani ya dakika 12 ziliingia lita 38.

La nne: kila kitu kama la tatu, ila tundu la kutokea likazibwa pia. Ngama ikabaki kavu.

Jaribio la tano lilifanywa ndani ya mlango wa bahari, boti nyingine ikiwa karibu. Vizibo viliondolewa, koki ikafunguliwa, pampu ya tangi ikazimwa. Kwa mwendo wa noti 8 (maili 8 za baharini kwa saa) tangi lilifika kwenye tundu la kufurikia kabla ya dakika 5.

Kilichokuwa kikitendeka

Boti ilikuwa na hitilafu mbili mpya na tabia moja ya zamani, na ngama ilikuwa ikikusanya matokeo ya zote.

Tabia ya zamani ni tangi kujaa lenyewe. Kofia inayotazama omo husukumiwa maji na mwendo. Kwa hesabu ya kawaida ya shinikizo la mwendo, noti 8 huweza kuinua maji sentimita 85 hivi. Noti 20 huweza kuyainua zaidi ya mita 5. Hata msuguano wa mianya, koki na pampu iliyosimama ukipunguza sehemu kubwa, kinachobaki kinatosha kujaza tangi lenye kina cha nusu mita. Boti ilikuwa hivyo tangu ilipofika nchini. Hakuna aliyelalamika, kwa kuwa mpira wa kufurikia ulikuwa mzima na kilichoingia kilitoka. Ufa ulipotokea, sehemu ya maji yaliyokuwa yakitoka nje ikaanza kuingia ngamani.

Hitilafu ya kwanza ilikuwa thredi. Boti za Marekani hutumia thredi za NPT na NPS, vipimo vya Kimarekani vya mabomba. Vifaa vya bomba vinavyouzwa hadwea za Afrika Mashariki ni vya BSP, kipimo cha Kiingereza. Kwa nusu inchi na robo tatu inchi, aina zote zina thredi 14 kwa inchi, kwa hiyo huingiana mizunguko kadhaa na kukaza vizuri mkononi. Lakini pembe ya thredi ni nyuzi 60 kwa moja na 55 kwa nyingine, na vipenyo havilingani. Unapata kiungo kinachohisi kimefungwa huku kina njia ndogo inayozunguka ndani yake. Kwa inchi moja kwenda juu kosa hilo hujifichua lenyewe, maana 11 na nusu haikubaliani na 11 na koki hukwama mapema. Robo tatu ndiyo inayodanganya. Fundi alizungushia utepe mweupe mwingi, nao ulizuia maji kwa muda tu, kwa sababu koki ilining'inia bila mhimili na kila mtikisiko wa injini uliilegeza.

Hii inaeleza kwa nini kufunga koki hakukusaidia. Koki huzuia kilicho juu yake tu. Maji yanayopenya kati ya kinywa na koki hayajui kama mpini umegeuzwa.

Hitilafu ya pili ilikuwa ufa wa mpira, ambao ulifanya kazi kwa njia mbili. Boti ikikimbia, ulimwaga maji ya tangi ngamani. Boti ikiwa imetulia na nzito tezi, tundu la kutokea lilizama, na bahari ikarudi ndani kupitia mpira uleule hadi kwenye ufa. Ufa wenye eneo la sentimita mraba moja, sentimita 5 chini ya maji, hupitisha kama lita 200 kwa saa. Jagi lilitoa lita 190. Tofauti kati ya asubuhi ya ndoo nusu na asubuhi ya hatari ilikuwa sentimita chache za tezi: mafuta mengi au machache, sanduku la barafu mbele au nyuma.

Usiku wa betri ulikwenda hivi. Lita 6 kwa saa za thredi zilikuwa zikifika kwenye swichi ya boya polepole, na pampu ilizitoa bila shida. Lakini kila iliposimama, maji yaliyobaki kwenye mpira wake wa mita 3, karibu lita 0.85, yalirudi ngamani. Ngama ya boti hii ni nyembamba kwa umbo la V, na lita isiyotimia ilitosha kuinua boya tena. Pampu ikawa inapandisha na kushusha maji yaleyale kwa ampea 8 mpaka betri ikaisha. Baada ya hapo maji ya thredi yalikusanyika, tezi ikashuka, tundu la kutokea likazama, na lita 6 kwa saa zikageuka kuwa 200. Sanduku la barafu liliposukumwa omo, tundu hilo lilitoka majini.

Matengenezo

Siku iliyofuata majaribio wageni walikuwa wakisubiri na vifaa sahihi havikuwepo nchini. Chaguo lilikuwa kurudisha koki na kukaza kwa nguvu zaidi, au kuua mfumo wa tangi kwa muda. Likachaguliwa la pili. Kinywa na tundu la kutokea vilizibwa kwa vizibo vya mti kutoka nje, vikafungwa kwa kamba ili visipotee, na ndani kila mpira ukapigwa kizibo na klipu mbili. Kwa kipindi chote cha kungoja vifaa boti ilivua kwa chambo bandia cha kukokota. Wageni wachache walinung'unika.

Kazi yenyewe haikufanywa mchangani. Gundi ya poliyurethani ya baharini huhitaji siku 5 hadi 7 kukomaa kabisa kulingana na aina, na kati ya kupwa na kujaa hakuna muda huo. Boti ilipandishwa kwenye trela.

Kinywa cha bronzi kilitolewa na kukutwa kizima, lakini kikabadilishwa pamoja na koki ili vyote viwe bronzi na thredi ya aina moja kutoka kwa mtengenezaji mmoja. Koki ya brasi ilipokatwa, ndani ilikuwa na madoa ya rangi ya waridi: zinki ilikuwa imeanza kuliwa na maji ya chumvi na kuacha shaba yenye vinyweleo. Brasi ya bomba la nyumbani chini ya usawa wa bahari hufika hapo, na siku ikivunjika huvunjika kwa kuguswa.

Ukuta wa tundu uligongwa kwa kishikio cha bisibisi kusikiliza kama mbao za ndani zimelowa. Sauti ilikuwa kavu. Kingo za tundu zikapakwa epoksi mara mbili. Kibao cha faiba cha milimita 12 kikawekwa ndani kugawa uzito wa koki. Vipande vilifungwa kwanza bila gundi kuhakikisha vinakaa, vikafunguliwa, vikapakwa poliyurethani, kisha nati ikakazwa hadi gundi ikatoka pande zote kwa usawa, bila kuikamua yote. Silikoni haikutumika mahali popote chini ya maji, na mabaki yake ya zamani yalikwanguliwa hadi faiba safi, kwani hakuna gundi inayoshika juu yake.

Mpira wa kufurikia ukawa wa ukuta laini wenye waya ndani. Kila ncha ilipata klipu mbili za chuma kisichoshika kutu, nazo zilipimwa kwa sumaku: ukanda wa klipu mara nyingi ni mzuri lakini skrubu yake ni chuma cha kawaida, na sumaku ikiinasa hiyo skrubu, weka klipu kando.

Tundu la kutokea lilihamishwa. Tundu la kufurikia liko sentimita 27 juu ya usawa wa bahari (35 toa 8), kwa hiyo kulikuwa na nafasi ya kuweka la kutokea kwenye sentimita 18 na bado mpira uteremke mfululizo bila bonde. Tundu la zamani lilizibwa kwa matabaka ya faiba na epoksi, kingo zikiwa zimechongwa mteremko wa 12 kwa 1.

Kulikuwa na pendekezo la kugeuza kofia ya nje itazame tezi ili tangi lisijae lenyewe. Lilikataliwa. Kofia ikitazama nyuma, mwendo hufyonza maji badala ya kuyasukuma. Tangi hupungua boti ikikimbia na pampu huingiwa na hewa, chambo kikafa njiani. Badala yake mpini wa koki ulipewa kijiti cha kuuendesha kupitia mfuniko, ili baharia aifunge bila kulala kifudifudi. Koki isiyofikika hubaki wazi siku zote.

Ngamani ilirudishwa pampu ya galoni 1,100, kwa mpira wa ukuta laini wa inchi 1 na moja ya nane, mfupi kadiri ilivyowezekana, ukipanda hadi chini ya sitaha na kuteremka hadi tundu la ubavuni lililo juu zaidi. Swichi ya boya iliinuliwa sentimita 3 kwenye kibao, ili maji yanayorudi yasiifikie. Kuna waliotaka kuweka vali ya njia moja kwenye mpira huo. Haikuwekwa: unywele, magamba na kipande cha mshipi huifanya igande, ama wazi ama imefungwa, na ikiganda imefungwa pampu inanguruma bila kutoa kitu. Pampu ya pili ya ukubwa uleule iliwekwa sentimita 10 juu ya ya kwanza, na swichi yake, fyuzi yake, betri yake na king'ora.

Matokeo

Boti ilirudi majini na kupimwa kwa majaribio yaleyale. Boti tupu, saa moja, ngama kavu. Watu watatu tezi na sanduku lililojaa, saa moja, ngama kavu. Kwa noti 20 na koki wazi tangi lilijaa na kumwaga nje kwa mkondo mnene, bila tone ndani. Koki ikifungwa, tangi halikupanda. Hadi mwisho wa msimu pampu ya pili haikuwahi kuwaka isipokuwa ilipojaribiwa kwa mkono.

Kilichofaa na kilichoharibu

Kuonja maji na kupima kwa jagi vilifanya kazi kubwa kuliko kifaa chochote. Bila zile namba mbili, 6 na 190, ungeweza kukaza thredi, kuona ngama kavu mchana, na kutangaza ushindi huku njia kubwa ikisubiri siku ya mzigo. Kuipakia boti uzito wakati wa kupima ndilo jaribio ambalo mafundi wengi hawalifanyi. Hupima boti tupu, kisha hushangaa inapozama ikiwa imejaa.

Pampu kubwa ndiyo iliyoharibu zaidi. Haikuwa kosa kutaka uwezo zaidi, lakini ilifungwa kabla ya kujua maji yanatoka wapi, kwenye mpira usioweza kuipokea, bila kugusa kasoro ya kuwaka na kuzimika. Pampu ndogo ingeweza kuhimili mzunguko ule hadi asubuhi kwa betri ileile, kubwa haikuweza.

Jaribio la koki linastahili kuangaliwa tena, kwa sababu lilifanywa kwa nia njema na karibu kila mtu angelifanya hivyo. Lilithibitisha tu kwamba maji hayapiti ndani ya koki. Kusema mfumo wa tangi hauhusiki kulihitaji vizibo viwili nje, kwenye kila tundu la mfumo huo linaloweza kufikiwa na bahari, likiwemo lile linaloitwa la kutokea. Sentimita 6 juu ya maji kwa boti tupu ni sawa na kuwa chini ya maji kwa boti yenye mzigo.

Kosa la thredi lingeweza kuonekana dukani. Fundi akibeba kinywa au nati yake ya zamani, akazungusha koki mpya bila utepe, BSP kwenye NPS ya robo tatu huanza kukaza mapema na hubaki na mchezo (hulegalega) ukiitikisa kabla ya kukaza. Utepe mwingi huficha mchezo huo, ndiyo maana kujaribu huku hufanywa pakavu. Na koki ya zamani iliyokuwa ngumu, ile iliyotolewa mwanzoni, ilipatikana baadaye kwenye ndoo ya vyuma chakavu. Ilikuwa bronzi, thredi sahihi, haina kasoro ila chumvi iliyoganda kwenye tufe. Usiku mmoja ndani ya siki na grisi ya baharini kidogo, ikageuka kwa vidole viwili. Sasa ni koki ya akiba.